Bagi la Kaka na Upande wa Kushoto

Jumapili, 1 Machi

Kaka amekuja na lori lake la rimoti ndani ya kapu la nguo, amelifunika kwa taulo kama mtoto mchanga. Akaliweka juu ya meza yangu ya kazi, katikati ya taya za watu, akasema, "Kijino, hili tunaligeuza bagi."

Kijino ni mimi. Alinipa jina hilo nilipoanza kazi ya kutengeneza meno ya bandia, na sasa hata wateja wanalo.

Kisa chenyewe ni hiki: chama chao cha magari ya rimoti kimefuta mbio za malori. Msimu huu yatakimbia mabagi tu, yale magari ya mbio yaliyokaa chini, mepesi, yenye bawa nyuma. Mashindano ni tarehe 17 Mei, mvua zikishapungua. Kaka amelikimbiza lori hili miaka minane na ana vikombe vinne kabatini. Hataki kulitupa. "Fremu nzima, mota nzima. Tulipunguze kimo na uzito, basi. Wewe una mikono midogo na mashine ya kusagia. Mimi nitasimamia."

Atasimamia. Tangu nizaliwe mtu huyu anasimamia. Ila ni kweli pia kwamba wazazi walipotutoka aliacha shule akashika usukani ili mimi nisome. Nikasema sawa.

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Tumelivua lori ganda lake, tukang'oa yale magurudumu makubwa kama vitumbua vya jitu. Kaka anakaa kitini, mimi nafungua skrubu. Kila dakika: "Nipe ile ndogo. Hapana, ile ndogo zaidi. Iko hapo hapo mbele yako." Ilikuwa mbele yake.

Alhamisi, 5 Machi

Meno ya mama mmoja yamerudishwa. Anasema yanacheka hata yeye akiwa na hasira. Basi la shule analoendesha Kaka limepita dirishani saa kumi kasoro dakika tano, kama kawaida.

Jumamosi, 7 Machi

Leo tumebishana juu ya ile mikono miwili ya mbele inayobeba magurudumu. Ya lori ni mirefu mno, bagi litakaa kama buibui. Nikasema nitaimimina mipya kwa ule utomvu mgumu wa ufizi wa bandia. Kaka akacheka: "Gari lenye ufizi!" Lakini amekubali.

Alipoinuka akakumba kikombe cha chai kilichokuwa kushoto kwake. Chai yote kwenye taya za mteja. Hakuomba radhi, alisema mimi naweka vitu ovyo.

Wifi alikuwa mlangoni akimsubiri. Hakuingia, hakuketi, hakusema lolote ila "Twende." Mimi na wifi yangu hatujawahi kupikika chungu kimoja. Na sasa ameongeza jambo jipya: tangu Januari ameacha ushonaji wake mzuri, ameomba kazi ya kuhudumia watoto ndani ya basi la shule analoendesha mumewe. Anakaa kiti cha mbele kushoto, asubuhi na mchana. Kwa nini? Mimi nasema ni wivu tu. Mwanamke mzima anamlinda mume mbele ya watoto wa darasa la pili!

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Mikono ya ufizi imekauka. Mizuri, myekundu.

Jumapili, 15 Machi

Mikono ya ufizi imevunjika yote miwili mruko wa kwanza.

Tulikuwa kiwanjani nyuma ya kiwanda cha matofali, tope hadi kwenye vifundo. Kinyozi, ambaye ndiye mwenyekiti wa chama na ana sauti ya mpiga mnada, alipiga kelele, "Jamani, lori limekonda! Lilikuwa linaumwa?" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Kaka hakucheka. Alikuwa amesimama akitazama upande ambao bagi halikuwapo.

Nimeliandika hilo, sasa nalisoma tena. Alikuwa anatazama upande ambao bagi halikuwapo.

Jumatano, 18 Machi

Nimepata dawa ya mikono: kibao cheupe cha plastiki cha kukatia mboga. Nimekikata kwa msumeno mdogo, nikakisaga, nikatoboa matundu. Kinapinda bila kuvunjika. Betri nimeilaza katikati ya fremu ili uzito ukae chini. Shokapu za nyuma nimezifupisha kwa kuweka vipande vya mrija ndani. Kwa mara ya kwanza kitu hiki kinafanana na bagi.

Kaka alilipapasa kwa vidole, polepole, kila kona, kama anavyopapasa mteja wangu meno mapya kwa ulimi. "Mkono wa kulia umezidi," akasema. Nikapima. Umezidi unene wa kucha. Nikasema ana macho makali.

Ijumaa, 20 Machi

Nimelala vibaya. Basi limepita saa kumi kamili.

Jumapili, 22 Machi

Leo sitaandika mambo ya gari tu.

Kinyozi alikuwa ameweka alama za njia kwa vikombe vya plastiki, vyeupe, vimepinduliwa midomo chini, viwili viwili kushoto na kulia. Kaka alikimbiza bagi mizunguko sita. Linakwenda vizuri, lakini hilo silo ninaloandika. Aligonga vikombe tisa. Vyote vya kushoto. Cha kulia hata kimoja.

Nilisimamisha cha tisa. Nikamwambia anipe rimoti nijaribu. Nikalizungusha bagi nyuma yetu, nikalileta taratibu kwa upande wake wa kushoto, hadi likagusa kiatu chake. Yeye anaendelea kuongea, ananieleza namna ya kuingia kona. Kisha akauliza, "Gari liko wapi?"

"Wewe unaliona wapi?" nikasema.

Akatazama mbele, akatazama kulia. "Umelificha."

"Liko kwenye kiatu chako, Kaka."

Akageuza kichwa chote, kama mtu mwenye shingo iliyokakamaa, akaliona. Halafu akasema tope limemwingia jichoni, twende nyumbani, mvua inakuja.

Mtu huyu anaendesha basi la shule. Watoto thelathini na wawili. Wanamwita Mzee Taratibu, kwa sababu hakimbii hata akifukuzwa na nyuki, na wazazi humsifu kwa hilo. Leo nimeelewa kwa nini anakwenda taratibu.

Jumatatu, 23 Machi

Basi limepita saa kumi na dakika saba. Nilikuwa nimesimama dirishani tangu saa tisa na nusu.

Jumanne, 24 Machi

Nimenyanyua simu mara tatu kupiga shuleni. Nimeiweka mara tatu. Nikimsema, nimemnyang'anya kazi mtu aliyenilisha. Nikinyamaza, je? Basi limepita.

Jumatano, 25 Machi

Mvua kubwa. Basi limepita saa kumi na dakika ishirini. Dakika zile ishirini simtakii hata adui yangu.

Alhamisi, 26 Machi

Limepita.

Jumamosi, 28 Machi

Nimekwenda kwa Wifi wakati Kaka yuko kwa fundi viatu. Nilikuwa nimejipanga kumuuliza kwa kuzunguka. Nilipofungua mdomo nikasema tu, "Wifi, Kaka haoni."

Alikuwa anakunja nguo. Hakuacha kukunja.

"Kushoto," akasema. "Kulia bado anaona, lakini si kama zamani."

"Unajua?"

"Nakaa naye nyumba moja. Tangu Septemba anagonga mlango wa chumba chetu kwa bega. Unadhani kwa nini niliacha cherehani yangu nikaenda kufuta makamasi ya watoto wa watu?"

Akaendelea, sauti ile ile kavu. "Nakaa mbele kushoto. Namwambia: baiskeli. Mtu. Pako wazi. Watoto wanadhani ni mchezo wetu, nao siku hizi wananisaidia kutaja."

"Kwa nini hukumpeleka kwa daktari?"

"Nimemwomba mpaka nimepiga magoti. Anasema akienda, wataandika kwenye karatasi, na karatasi ikiandikwa yeye si dereva tena. Anasema, nikishaacha usukani mimi ni nani? Haya, wewe msomi, mjibu."

Miezi mitatu nimekuwa nikimwita mwenye wivu, wakati mwingine mbele za watu. Nilitaka kumwomba msamaha. Nikamsaidia kukunja shuka. Tulishika ncha mbili mbili, tukakutana katikati.

Jumatatu, 30 Machi

Macho mawili ya Wifi yapo. Najiambia hivyo. Basi limepita saa kumi kasoro mbili.

Jumatano, 1 Aprili

Kaka amekuja kama hakuna kilichotokea. Tumebadilisha gia ndogo ya mota, meno kumi na tisa badala ya kumi na tano. "Meno ni kazi yako," akasema, akacheka peke yake. Nikamwambia kuna daktari mzuri wa macho karibu na posta. Akasema kuna fundi mzuri wa midomo pia, aniwekee kufuli.

Ijumaa, 3 Aprili

Limepita. Mvua haijakatika tangu juzi. Aibu yangu ni hii: wiki hii nimelala usingizi. Nimemtwika Wifi mzigo, nikalala.

Jumatatu, 6 Aprili

Naandika yote, kwa mpangilio.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi simu ikalia. Wifi, sauti imepasuka: "Nimeamka na homa, siwezi kusimama. Nilimwambia asiende. Nimefunga mlango, ameufungua. Ameondoka peke yake."

Nilitoka na kanga na viatu vya ndani. Kituo cha tatu cha basi kiko karibu na kwangu, kwenye tangi la maji. Mvua ilikuwa ya kuchapa, inakuja upande. Pale kulikuwa na watoto wawili chini ya mwavuli mmoja pamoja na mama yao. Nikaliona basi likija, taa zimewashwa, taratibu kama kawaida. Mbele yake kidogo, kando ya barabara, muuza maziwa na baiskeli yake, madumu mawili nyuma. Alikuwa mbele ya basi tangu lilipotokea konani. Mtu yeyote mwenye macho angemwona.

Basi likaanza kuingia kituoni, kushoto. Likamwendea.

Nilipiga kelele. Sijui nilisema nini. Nilikimbia barabarani nikaligonga boneti la basi kwa viganja vyote viwili. Muuza maziwa akajitupa mtaroni, baiskeli ikalala, madumu yakapasuka. Basi likasimama. Gurudumu la mbele lilikuwa juu ya usukani wa baiskeli.

Yule kijana akainuka. Kiwiko kimechubuka, basi, hakuna zaidi. Maziwa yalikuwa yanashuka mtaroni na maji ya mvua, meupe yote. Alikuwa anarudia, "Hakuniona? Hakuniona?"

Kaka aliteremka. "Alitokea wapi?" akaniuliza. "Kijino, alitokea wapi?"

Ndani ya basi kulikuwa na watoto saba, mmoja analia. Wale wawili wa kituoni mama yao aliwarudisha nyumbani, na sura yake sitaisahau. Hakukuwa na dereva mwingine, wala sikuwa na akili ya kutafuta mwingine. Sasa naona ningewashusha wote pale pale. Badala yake nikapanda, nikakaa kiti cha Wifi. "Usichukue mtoto mwingine," nikasema. "Moja kwa moja shuleni."

Akaendesha. Nami nikataja. "Kushoto mtu. Kushoto gari limesimama. Kushoto pako wazi." Kiti cha nyuma yangu sauti ndogo ikadakia, "Kushoto mbuzi wawili!" Kaka alifuata kila neno, hakuuliza hata mara moja. Kilomita nne. Nilikuwa nimeloa mpaka mifupa na jasho linanitoka.

Watoto waliposhuka akazima injini. Hakuachia usukani.

"Mkuu wa shule yuko ofisini," nikasema. "Twende pamoja. Useme mwenyewe."

"Nipe mpaka mashindano. Wiki sita tu. Nikimbize bagi, halafu nitaacha kila kitu kwa mpigo."

"Hapana."

"Nilikubeba mgongoni, mdogo wangu."

"Najua."

"Ukivuka mlango ule, kwangu usije tena."

Nilimtazama. Alikuwa amegeuza kichwa chote ili anione, kwa maana nilikuwa kushoto kwake. Nikashuka, nikaenda kwa Mkuu, nikasema.

Mkuu ni mama mfupi, mpole. Alisikiliza hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Tangu lini?" Nikasema sijui vizuri. Nilidanganya. Septemba niliijua, na tarehe niliyogundua mimi pia.

Alhamisi, 9 Aprili

Basi limepita. Dereva ni mwingine, anaendesha kwa haraka.

Jumapili, 12 Aprili

Nilimpelekea Kaka maziwa na mkate. Mlango haukufunguliwa. Niliviacha kizingitini.

Jumanne, 14 Aprili

Wifi amepona. Alipita kuniambia: Mkuu amemwandikia Kaka barua ya kwenda kwa daktari, na amekwenda. Ni presha ya macho. Jicho la kushoto limekwisha kabisa. La kulia linaliwa kuanzia pembeni. Kilichopotea hakirudi. Kuna dawa ya matone, kila asubuhi na jioni, ya kulinda kilichobaki.

"Angekwenda Septemba?" nikauliza.

"Angekuwa na zaidi," Wifi akasema. Halafu akakaa. Ni mara ya kwanza kukaa kwangu tangu aolewe. Akanywa chai, akatazama taya mezani, akauliza ipi ni ya nani.

Jumamosi, 25 Aprili

Bagi liko kwenye rafu. Ningeweza kulifunika. Badala yake leo nimekata bawa la nyuma kutoka kwenye chupa ya maji, nikalipasha moto nikalikunja. Sijui namfanyia nani. Jina lililoandikishwa ni la Kaka, na Kinyozi anasema ruhusa ipo, ndugu anaweza kushika rimoti kwa niaba.

Jumanne, 28 Aprili

Mvua zinapungua. Nimefanya mazoezi. Nimeligonga tofali, nguzo, na mbwa, ambaye alisamehe.

Jumatano, 6 Mei

Wifi aliomba bagi kwa siku moja. "La nini?" Akasema, "Usiniulize."

Ijumaa, 8 Mei

Limerudi. Shokapu za mbele zimesogezwa tundu moja ndani, na mafuta yake yamebadilishwa. Skrubu moja imekazwa hadi imekula plastiki, kana kwamba aliyeikaza alikuwa anaitafuta kwa kidole. Wifi alitazama dari. Nililipeleka kiwanjani. Halirushi tena pua linapotua.

Kaka bado hajaniita. Mwezi mzima.

Jumapili, 17 Mei

Jua, kwa mara ya kwanza katika wiki mbili. Kiwanja kilikuwa kimekauka juu na chini bado laini. Mabagi tisa. Langu ndilo pekee lililowahi kuwa lori, na Kinyozi alihakikisha kila mtu anajua.

Nilipanda jukwaa la madereva. Nikawaona wanaingia getini, Wifi mbele, Kaka nyuma, ameweka mkono begani mwa mkewe. Hakuja upande wangu. Alisimama kwenye ua wa waya.

Sitaeleza mzunguko mmoja mmoja. Niliondoka wa mwisho kwa sababu vidole vilikufa ganzi. Mzunguko wa tatu wawili mbele yangu waligongana nikapita katikati. Mkono wa kibao cha mboga ulipinda kwenye jiwe, nikafumba macho, ukarudi. Mzunguko wa mwisho niliiingia ile kona kwa haraka mno na bagi likabinuka, msimamizi wa kona akaligeuza, nikamaliza wa sita. Kinyozi akatangaza kwa sauti yake yote: "Wa sita, lori lililokonda!" Watu wakapiga makofi kuliko walivyompigia wa kwanza.

Niliposhuka Kaka alikuwa amekaa juu, kwenye saruji ya watazamaji. Wifi alimwacha akaenda kununua maji. Nikaketi kulia kwake.

"Uliikata kona mapema," akasema.

"Uliona?"

"Nilisikia mota. Ulichelewa kupunguza mwendo."

Kisha akasema, "Ulijua lini?"

Nilijua anauliza nini. "Tarehe ishirini na mbili Machi."

"Siku ya vikombe. Na kwa Mkuu ulikwenda tarehe sita Aprili."

"Ndiyo."

Akahesabu kwa vidole, akiruka Jumamosi na Jumapili. "Siku kumi na moja za shule."

"Ndiyo, Kaka."

"Mwanzoni nilikukasirikia kwa kuwa ulisema. Sasa nakukasirikia kwa kuwa ulichelewa. Kila siku kati ya hizo kumi na moja niliwachukua watoto wale, na wewe ulijua."

Nilianza kufuta tope kwenye magurudumu ya bagi.

"Zangu mimi ni tangu Septemba," akasema. "Hizo sijazihesabu. Nikianza, nakwama Oktoba." Alipangusa jicho la kulia kwa kiganja. "Yule wa maziwa nilikwenda kwake juzi. Nimempa baiskeli yangu. Akasema asante. Asante, Kijino! Ningefurahi angenipiga."

Watu walikuwa wanaondoka. Wifi alitusubiri chini na chupa za maji. Nilitaka kusema nisamehe, nikaona kwamba yeye naye alitaka kusema hivyo hivyo, na kila mmoja anamngoja mwenzake apite kwanza. Akasimama yeye. Akanyoosha mkono hewani, mbele yake, si mahali nilipokuwa.

"Nishike," akasema. "Kuna ngazi hapa na siioni."

Tangu Septemba hakuna aliyemsikia akitamka hilo, kwamba haoni. Si Wifi, si daktari, si mimi. Zilikuwa ngazi tano. Nilimshika mkono, nikamhesabia, moja moja, hadi chini.